Ua la Kitambaa

Ghorofani mwa ukumbi wa sinema, kwenye viti walivyotengewa weusi, Lavinia hakutulia. Mama yake alivaa gauni la kanisani aje amwone akiimba ndani ya filamu. Vita vilikuwa vimepamba moto. Mji ule uliwataka weusi wafe vitani, si waimbe.

Kwenye skrini, bendi ikainua matarumbeta. Picha ikaruka, wakatokea wanajeshi weupe wakicheza dansi.

“Mbona sikuoni, mwanangu?”

“Wamekikata kipande changu, mama. Ndiyo maana waliniimbisha peke yangu, nisiguse mtu, ili nikiondolewa pasijulikane.”

“Na wewe na ukaidi wako, ukatii?”

Lavinia akanyoosha kidole kwenye skrini. Kotini pa shujaa wa filamu, palipokuwa patupu kabla ya bendi, lilining'inia ua la kitambaa alilolishona mama, ambalo Lavinia alimchomeka katikati ya wimbo wake.

Chini, weupe walianza kuulizana limetoka wapi.