Mgonjwa wa Chumba cha Nyuma

Kijiji kisichofikisha watu thelathini hufutwa kwenye ramani na barabara yake hufungwa. Mashine ya sensa ilipotua kijijini kwa akina Ludia, milimani Toraja, ilihesabu ishirini na tisa.

“Umemruka mama,” Ludia akaifokea, akaifungulia chumba cha nyuma. Mama alikuwa amelala humo tangu mwaka juzi. Kwa mila yao, aliyefariki huitwa mgonjwa mpaka azikwe, na kila asubuhi hupelekewa kahawa.

“Huyu hapumui,” ikasema mashine.

“Kwani wewe unapumua?”

Mashine ikaandika thelathini.

Ludia akatoka uani, akamfungua kamba nyati waliyemnenepesha kwa ajili ya mazishi.

“Nenda kale majani,” akamwambia. “Mama hazikwi ng'o.”