Kikapu Kilichonipita

"Leo sikupewa kahawa," niliandika, nikikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Nimetoka Norwe kuja kusoma kwa muhula mmoja, nami naishi kijijini Izigo, nyumbani kwa Ma Joviana. Kila mgeni akiingia, hupewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, buni kavu, chungu, zenye harufu ya moshi. Siku zote nami nilipewa. Jioni hii kikapu kilinipita, kikaenda kwa jirani. Nimekosa nini?

Nisipoelewa jambo, huliandika. Siandiki ninavyojisikia, naandika nani amefanya nini. Basi nikaandika kwamba jirani alipewa, na mkwewe aliyekuja naye pia. Ma Joviana mwenyewe hakuchukua. Binti zake hawakupewa.

Kalamu ikasimama.

Mara hodi ikapigwa, akaingia mama mmoja wa jumuiya ya kanisani. Ma Joviana akamkaribisha kwa furaha, ila hakuinuka. Binti zake walikuwa jikoni.

Nikafunga daftari. Nikachukua kikapu, nikapiga magoti mbele ya yule mama kama nilivyowaona mabinti wakifanya, nikamnyooshea kwa mikono miwili. Ukindu wa kikapu ulikuwa umelainika kwa kushikwa miaka mingi.

Akachukua buni, akatia mdomoni, akatafuna polepole huku akizitazama nywele zangu.

"Ma Joviana, huyu mgeni wako kajifunza wapi?"

"Mgeni yupi?" Ma Joviana akamuuliza. "Mgeni hapa ni wewe."