Kijiko cha Tatu

Mwenzangu, ungefanyaje ukimkuta mama yako mzazi akikutilia sumu kwenye uji? Siwema alimkuta wake jikoni, anamimina kijiko cha tatu cha dawa ya kuongeza damu, ile nyeusi yenye madini ya chuma, katika kikombe cha uji cha bintiye, kile cha bati chenye ua. Daktari alishawaonya wote wawili: damu aliyoongezewa Siwema tangu utotoni imemjaza chuma moyoni, na vidonge anavyomeza ni vya kukitoa.

"Mwaka mzima natoa, mama, kumbe wewe unarudisha!"

"Umepauka mno, mwanangu. Majirani wanasema sikulishi."

Siwema aliketi kwenye kinu, moyo ukimwenda mbio.

"Ninachotaka," akasema, "ni uogope kunizika kuliko unavyoogopa majirani."