Mkwe Asiyekula Wali

Ingabire aliusukuma wali pembeni ya sahani, akala samaki na mchicha tu. Wageni wakatazamana.

Mama Usumani alitamani sakafu ipasuke immeze. Wali ule wa nazi aliupika mwenyewe, na siku hizi kusimama jikoni kwake si kazi ndogo. Figo zake zimechoka, kila wiki yuko hospitali kusafishwa damu. Leo mke wa mwanawe anamwaibisha mbele ya ndugu, kana kwamba chakula kimetiwa sumu.

"Nisamehe, mama," Ingabire alisema, macho chini. "Wali, ugali, mkate, vyote nimeacha. Napunguza mwili."

"Unampunguzia nani? Mumeo alikuoa hivyo hivyo mnene, na hakulalamika."

Ingabire alijiongezea mchicha. Usumani naye alichambua miiba ya samaki kama mtu asiyesikia.

Wageni walipoondoka, Nyiramana, jirani yao mshona nguo, alibaki nyuma.

"Mama Usumani, mimi sipendi maneno. Lakini mkweo nimemuona kule Nyarutarama, kwa matajiri. Iko na suruali ya kubana, anakimbia na mwanaume. Wakifika kwa mulima, mwanaume anamushika mukono, anamuvuta. Yampayinka, Mungu wangu! Nimeona na macho yangu."

Habari kama hiyo mtaani kwao Nyakabanda hailali njaa. Mama Usumani akawa anakwenda dukani na mtandio umeshushwa hadi kwenye nyusi. Akiingia, wanawake wananyamaza. Akitoka, anasikia kicheko mgongoni. Na Ingabire huyo anazidi kukonda, magauni yanampwaya, kila alfajiri anatoka na begi lake.

Siku moja uvumilivu ukamwishia. Akawaweka wote wawili sebuleni.

"Huyo mwanamume unayekimbia naye ni nani?"

"Ni Kaze, mama. Ni mwalimu wa mazoezi."

"Mwalimu! Mke wa mtu anashikwashikwa barabarani, halafu mwalimu!"

Ingabire akaanza kulia. Mama Usumani akamgeukia mwanawe.

"Na wewe umekaa tu! Nilizaa mwanamume au nilizaa gunia?"

"Mwache, mama," Usumani alisema kwa sauti ya chini. "Nakuomba, mwache."

Hapo ndipo Mama Usumani alipoishiwa nguvu kabisa. Mkwe hana haya, na mwanawe hana ubavu wa kumkanya. Alijiona amelea bure.

Wiki iliyofuata, alipofika hospitali, daktari alimwita ofisini kabla hajaunganishwa na mashine.

"Mama, tumepata figo. Tutakupasua mwezi ujao."

Mama Usumani akashika ukingo wa meza. "Ya nani? Si mliwapima wanangu wote, mkasema hawafai?"

"Huyu alifaa tangu mwanzo. Ila alikuwa mnene mno, kumpasua kungekuwa hatari kwake. Tukamwambia apungue kwanza. Akatusihi tusikwambie, asije akashindwa nawe ukabaki na tumaini la bure."

"Nionyeshe mtu huyo, daktari. Nimpigie magoti."

Daktari akafungua mlango, akamwita aliyekuwa akisubiri nje.

Aliyeingia, macho chini, alikuwa Ingabire.