Kasuku na Tozo ya Watazamaji

Enzi ndege wakimiliki televisheni, Kasuku alikuwa na kituo chake, na kila saa alijisifu hewani: "Msitu mzima unatutazama!"

Siku moja akaja Kobe, mtoza ushuru wa serikali. "Tozo mpya, bwana. Unalipia kila mtazamaji."

"Watazamaji gani, mzee wangu?" Kasuku akalia. "Hata mama yangu anatazama kituo cha Kunguru!"

"Basi litangaze hilo hewani, sheria ndivyo inavyotaka, nami nitakusamehe."

Kasuku, na akili zake za kukariri, akatangaza mbiombio.

Hajamaliza, Nguruwe mwenye tangazo la sabuni akapiga simu. "Kumbe nalipa sabuni yangu itazamwe na viti? Navunja mkataba!"

Bahati ya Kasuku, Kobe alikuwa hajafika hata mlangoni. Kasuku akamrukia miguuni. "Mzee, nitoze! Wahesabu wote, hata mchwa!"