Kanga za Chini ya Sakafu

Fundi Shebe aling'oa ubao wa sakafu, akachoma boriti kwa bisibisi. Bisibisi ikazama kama kwenye muhogo wa kuchemsha.

"Bibi, nani kaziba matundu ya hewa huku chini?"

"Mimi," alisema Bi Mwantumu, kachoka. "Mzee anakohoa, baridi inampanda. Nikashindilia kanga zangu."

"Kikohozi kikapungua?"

"Kimezidi."

"Unyevu hauna pa kutokea, bibi. Mbao zinaoza, naye anavuta kuvu."

Mumewe akajigeuza kitandani. "Kitendawili."

"Tega," Bi Mwantumu akajibu kwa mazoea.

"Nimefunikwa vizuri, bado nalowa."

Bi Mwantumu alipiga magoti, akavuta kanga ya kwanza. Ilitoka nyeusi, inachuruzika. Upepo ukaingia. Akabaki nayo mkononi, akisikiliza kifua cha mumewe.