Kitanda cha Nyambizi

"Mama, Baba alilala hapa," binti alisema, akigonga kitanda cha chuma kilichobanwa kwenye ukuta wa nyambizi.

Watalii walitoka mbali kuja Vishakhapatnam, mji wa pwani wa India, kuingia nyambizi hii kuukuu iliyovutwa ufukweni. Ratnamala, mjane wa mmoja wa mabaharia wake, aliikwepa tangu igeuzwe makumbusho. Leo bintiye alimbembeleza mpaka akakubali.

Kitanda kilikuwa chembamba kuliko mabega ya marehemu.

"Mlilalaje humu?" Ratnamala alimwuliza mwongozaji, baharia mstaafu wa nyambizi hiyo.

"Ubavu, shemeji, tumegeukia ukuta. Ukijigeuza tu, uko chini! Hata nyumbani nilishindwa kulala vingine. Mke wangu alinicheka, we acha tu."

Ratnamala hakuwahi kucheka. Kila likizo mumewe alilala pembeni kabisa, amempa mgongo, naye akaamini amechokwa. Mwishowe Ratnamala alihamia chumba cha pili, na mpaka mume anafariki hakuwahi kumwuliza sababu.

"Mama, twende. Watu wanasubiri."

Ratnamala akavua viatu, akapanda.

"Shemeji, hairuhusiwi!"

"Kidogo tu, shemeji."

Akalala ubavu, akajisogeza mpaka mgongo ukagusa chuma baridi, akaacha nafasi ya mumewe mbele yake.